Jumapili Si Kwaresima

Sudbury, 4 Januari

Wifi yangu Fernande,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ukiacha tumbo langu, ambalo hali yake unaijua kuliko daktari yeyote. Na wewe je, mgongo unasemaje? Baridi ya Hearst imekubakizia pua na masikio?

Kaka yako Réjean amenikataza kukuandikia nikiwa na hasira. Nimesubiri hasira iishe tangu Krismasi na haijaisha, kwa hiyo naandika nayo.

Siagi, wifi. Mtu mwenye akili zake timamu anaweka siagi ya bangi kwenye friji, ndani ya bakuli la kioo la marehemu mama mkwe, ubavuni mwa jamu, bila hata kibandiko, halafu anamwambia mgeni ajihudumie. Nikajihudumia. Nikaupaka mkate wangu wa kuchoma hadi pembeni, kwa kuwa mimi siagi naipenda. Krismasi nzima nimeimaliza nimekumbatia beseni lako la kuogea, natapika pai ya nyama ya mkesha, vitunguu vinanitokea puani, na wewe umekaa juu ya kifuniko cha choo unacheka hadi unajifuta machozi. Mpaka leo nikipita dukani penye siagi nageuza uso.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Usiku wa mkesha nililala chumba kimoja nawe, kwa sababu sebule aliichukua kaka yako na mashine yake ya kupulizia hewa. Wifi, unakoroma vibaya. Kukoroma tungecheka tu yakaisha. Shida ni kwamba unanyamaza. Unakoroma wee, kisha kimya, kifua hakipandi, mdomo uko wazi, mate yanachuruzika hadi shingoni na yananuka hiyo bangi yako. Mimi nimekaa kitandani nasema moyoni, sasa atavuta pumzi, sasa hivi atavuta. Halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini, unageuka upande, unaanza upya. Nimekupiga kiwiko hadi alfajiri, na asubuhi ukaniuliza mbona mbavu zinakuuma.

Kaka yako alikuwa hivyo hivyo kabla hajapewa mashine. Baba yenu alikuwa hivyo hivyo pia, na mwisho wake mnaujua. Nenda kapimwe. Nikuone umekasirika, sijali, lakini nenda.

Kaka yako anakusalimu, anasema usisome aya ile ya choo mara mbili.

Wifi yako,
Ghislaine


Hearst, 23 Januari

Wifi yangu mwenye tumbo la kifalme,

Barua yako imefika, na mimi mzima. Mgongo ni ule ule, ukipinda hauinuki, ukiinuka haupindi. Natumaini na wewe sasa unakula bila kukimbia. Unajua nilikaa nyuma ya dirisha la posta hadi nikastaafu, na bado mtu akiniandikia kwa mkono na kubandika stempu najisikia nimetembelewa. Hata kama amekuja kunitukana.

Pole kwa siagi. Nimecheka tena kidogo, lakini pole.

Haya, nimepimwa. Wamenifungia waya kichwani na kidoleni, nikalala, na matokeo yake ni kwamba mimi ni Quesnel halisi, kama baba na Réjean. Pumzi inakatika usiku kucha. Nikapewa mashine kama ya Réjean. Wifi, sijawahi kuona kitu cha kunitia kinyaa namna ile, na mimi nimewahi kuzibua bomba la choo cha posta kwa mkono. Barakoa inanuka pazia jipya la bafuni. Inakufyonza uso mzima, jasho linakusanyika chini ya pua, upepo unaingia mdomoni na kutokea pembeni kwa sauti ya kujamba. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona nguruwe aliyefungwa kamba. Nikairudisha kwenye boksi lake, nikaliweka chini ya kitanda.

Kisha daktari wa mgongo, yule aliyeniandikia bangi, akaniuliza siku hizi nakula kiasi gani. Nikamwambia ukweli. Akavua miwani. Unakumbuka nilipoanza nilikuwa nakata pembe ndogo ya ile keki ya tende ninayoioka kwa siagi ya bangi, ukubwa wa ukucha, na nalala mpaka jua linatoka. Sasa nakula vipande sita na bado nahesabu mbao za dari. Anasema mwili umezoea, na nikiendelea kuufukuzia hivi sitaufikia. Anasema pia bangi si dawa ya hii pumzi inayokatika, na anayesema ni dawa anaongopa. Kazi ya bangi kwangu ni mgongo tu, na kwa mtu kama mimi kiasi hiki kinanilaza mzito mno.

Ushauri wake ni huu. Niache kabisa kwa wiki kadhaa, mwili usahau. Baadaye nianze tena na ile pembe ya ukucha, nisirudie vipande sita hata siku moja. Na barakoa nivae kila nikilala, nile nisile.

Nimemwambia mimi kuacha kitu kwa wiki kadhaa nimefundishwa tangu utotoni. Kwaresima inakuja. Nitafunga bangi kama mama alivyokuwa akitufungisha peremende. Umefurahi sasa?

Wifi yako mkubwa,
Fernande


Sudbury, 3 Februari

Wifi Fernande,

Nimefurahi hadi nimempigia kelele Réjean aje asome. Anakusalimu. Sisi wazima, mafua yamepita, na natumaini huko kwako kuni hazijaisha.

Kwaresima ni wazo zuri, nakusifu, na unajua mimi kukusifu si kazi ninayoizoea. Ila mbona barakoa nayo isubiri? Itoe chini ya kitanda leo. Kinyaa nakijua, wifi, usinifundishe. Nani unadhani anaosha ya kaka yako? Yeye angeiacha hadi iote uyoga. Wiki ya kwanza nilifungua kile kikopo cha maji cha mashine nikakuta utando wa kijivu unaoteleza, na nywele ya pua ndani yake. Nikaita jina la Bwana, nikamwaga, nikasugua kwa siki. Sasa naosha kila asubuhi na sahani za chai. Mpira wa pembeni unashika mafuta ya uso wake, unakuwa na ukoko wa njano, naukwangua kwa kucha na nanawa mikono hadi kwenye viwiko. Kinyaa hakijawahi kuisha. Nimeacha kukingoja kiishe.

Naye alilia, kama hujui. Lile jitu linaloendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani, na vijana wote wa mpira wa magongo wanamwogopa, lilikaa ukingoni mwa kitanda na kamba kichwani likasema, "Ghislaine, hivi ndivyo utakavyonitazama kuanzia leo?" Nikamwambia, "Nimekutazama ukikata kucha za miguu mezani, Réjean, lala." Akalala. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikalala bila kumsikiliza.

Wewe huna wa kukusikiliza. Ndiyo maana nakusumbua.

Wifi yako,
Ghislaine


Hearst, 7 Machi

Wifi yangu,

Unaendeleaje, na kaka yangu je? Huku theluji imefika dirishani, Aurèle jirani yangu amenichimbia njia hadi kwenye gari, na ameniletea paja la paa wa msituni ambalo siwezi hata kulitazama, kwa sababu hamu ya kula imekwenda na bangi.

Kufunga huku si mchezo. Jasho linanitoka usiku hadi shuka zinanuka maziwa yaliyochacha. Nabadilisha, nalala, nabadilisha tena. Ndoto zimerudi zote kwa mkupuo, na hakuna hata moja nzuri. Mgongo unanikemea. Namkasirikia kila mtu, hata padri, maana anavuta kamasi kati ya sala na sala na siku hizi nasikia kila kitu.

Jumapili peke yake ndiyo inaniokoa. Usitoe macho. Jumapili si Kwaresima, unajua hilo vizuri, hata mama alikuwa anatupa peremende zetu tukitoka misa. Kwa hiyo nikitoka kanisani nakaa kwenye kochi, nakula vipande vyangu sita, nafungulia runinga.

Na sikiliza, wifi, daktari alisema kweli. Mwili unasahau. Jumapili ya kwanza vilinishika kuliko kawaida. Hii ya juzi vilinipiga kama mwaka ule nilioanza. Sikusikia simu, sikusikia Aurèle akigonga. Nilizinduka Jumatatu mchana pale pale kwenye kochi, shavu limegandana na mto kwa mate yaliyokauka, kichwa kinagonga, na chini, nikuambie tu kwa kuwa wewe nawe umetapika mbele yangu, nilikuwa nimejilowesha kama mtoto. Kochi la watu, la kitambaa. Nimelisugua kwa magadi na bado linanuka zizi. Nimecheka peke yangu. Lakini makali yamerudi, hilo ndilo tulilotaka, au siyo?

Barakoa bado iko kwenye boksi. Jambo moja kwa wakati.

Wifi yako mkubwa,
Fernande


Sudbury, 14 Machi

Fernande,

Sisi hatujambo. Hali yako sikuulizi, umeshaniambia, na nimeisoma nimesimama jikoni na aproni, nikahisi kichefuchefu kikinipanda kuliko Krismasi.

Unaniandikia kwamba ulizima kama taa, ukajikojolea, ukaamka siku ya pili mchana na kichwa kinagonga, na unaniuliza kama hilo ndilo tulilotaka. Nimechukua barua yako nikaenda nayo kwa Nesi Chantale, yule anayemwangalia Réjean kwenye kliniki ya usingizi. Nilimficha jina lako, nikasema ni jamaa fulani wa kaskazini. Akasema, "Jamaa huyo ni dada yake Réjean?" Nikasema ndiyo.

Hajacheka. Ameniambia hivi, na mimi nakuandikia kama alivyosema. Siku sita unazokaa bila kula, mwili unapoteza mazoea. Siku ya saba unauletea mzigo ule ule uliokuwa unabebwa na mwili uliozoea. Kwa hiyo kila Jumapili unajipa mzigo mkubwa kuliko wa Jumapili iliyotangulia, ingawa hujaongeza hata chembe. Na unalala chali kwenye kochi, bila barakoa, na koo ambalo hata likiwa zima linajifunga. Kuamka na kichwa kinagonga, na kujilowesha, amesema ni dalili kwamba pumzi ilikatika vibaya mno. Anasema bora ungeendelea kula vipande vyako sita kila siku kuliko hivi, na hilo nalo si jema.

Mwili si padri, wifi. Hauna Jumapili. Mnachukua kitu alichosema daktari, mnakipeleka kanisani, mnakirudisha kikiwa na tundu la kupitia. Baba yenu alikuwa hivyo na pombe, nimesimuliwa, alikuwa anaacha Kwaresima nzima na Jumapili anabebwa. Inanichefua. Yaani unanichefua wewe, kochi lako, mate yako, na huko kucheka kwako peke yako. Nimetaka kuandika neno la upole hapa na halipo.

Chagua moja. Uvae barakoa leo, au uje ukae kwetu hadi Pasaka, nikupige viwiko mimi mwenyewe. Réjean atakufuata na gari, hata kesho.

Ghislaine, wifi yako


Hearst, 30 Machi

Wifi Ghislaine,

Natumaini mko salama. Mimi niko salama, na safari hii nasema kweli.

Barua yako niliichana. Nikaiokota tena, nikaiunganisha kwa gundi ya karatasi, nikaichana upya. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba namchefua, hata marehemu mume wangu, naye alikuwa na sababu. Nilikaa siku nyingi sitaki kukujibu.

Kisha nikatoa lile boksi.

Nitakueleza kitu na usikirudie mbele ya Réjean. Harufu nilisingizia. Hata ule uso wa nguruwe nilisingizia, mimi uzuri niliacha kuuhangaikia zamani. Réjean anavaa ile takataka na wewe uko pembeni. Ikitoka, unairudisha. Ikijaa ukoko, unaukwangua. Mimi nikiivaa nalala na mashine, na asubuhi naivua mwenyewe, na kikopo naosha mwenyewe, na ile nywele ya pua ni yangu mwenyewe. Kila nikifunga zile kamba nasikia kama nasaini kwamba hakuna mtu mwingine atakayeingia chumba kile tena. Hilo ndilo lililokuwa linanichukiza.

Nimeivaa usiku tatu. Inachukiza vile vile. Lakini asubuhi ya tatu niliamka kichwa chepesi, sijui nikuelezeje, nilikaa kitandani nikingoja kile kichwa changu cha kila siku kije, hakikuja. Nikapika uji wa shayiri nikaumaliza wote. Na Jumapili mbili zilizopita sikuonja kitu. Hata peremende. Basi umeshinda, na ukilitangaza hilo kwenye familia nitakukana.

Ila Pasaka ni Pasaka. Nimeagiza nyama ya paja la nguruwe, Aurèle atakuja kula, na trei ya keki ya tende nimeshaioka. Sikukuu nitakula kama ninavyojua kula, na siku hiyo moja sitavaa pua ya nguruwe, nimeshavumilia vya kutosha. Jumatatu narudi kwenye pembe ya ukucha na kamba zangu, hadi kufa. Usiniandikie tena kunigombeza. Jumatatu hiyo asubuhi nitakupigia simu mimi mwenyewe, tuongee kama watu.

Na lile la kuja kukaa kwenu, sijasema hapana. Niulize tena majira ya joto.

Wifi yako mkubwa,
Fernande


Sudbury, Jumatatu ya Pasaka

Fernande,

Sikusalimu. Salamu utapata ukinijibu.

Ulisema utapiga asubuhi. Sasa ni mchana, chakula kimepoa, na nimepiga mimi hadi kaka yako amenichukua simu mkononi. Jumamosi nilikupigia nikakuomba kama naomba kazi. Kipande cha ukucha tu, wifi, na barakoa, hata sikukuu. Nilikuambia mwili wako sasa umesahau kweli, umeufungisha vizuri mno, vile sita vitaukuta mtupu. Ukacheka, ukasema nina sauti ya mtawa mwenye njaa, ukakata.

Réjean anasema, "Mwache alale, Ghislaine, ni sikukuu." Mwache alale. Mtu anayelala na bomba usoni ndiye anayeniambia maneno hayo. Yamenitia kinyaa hadi nimetema mate kwenye sinki. Sasa ananiogopa, na yeye mwenyewe ameanza kutafuta funguo za gari.

Nimempigia Aurèle. Anasema jana ulikula vizuri, ukala na keki yako, ukamcheka anavyocheza karata, ukamsindikiza hadi mlangoni. Leo gari lako lipo pale pale na moshi hautoki kwenye bomba la jiko. Amegonga mlango, amegonga na dirisha la chumbani. Anasikia runinga. Nikamwambia avunje mlango. Akasema, "Ni mlango mzuri ule, bibie, afadhali tungoje polisi, wako njiani." Nimemwambia maneno ambayo itabidi niyaungame.

Naandika kwa sababu lazima mikono ifanye kitu wakati Réjean anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Tunakuja. Barua nitakuja nayo. Ukinifungulia nitakuzaba kofi kwanza, kisha tutafungasha vitu vyako, majira ya joto nani anayangoja. Cherehani nimeshaitoa kwenye kile chumba kidogo, nimekutandikia. Mito yangu utaitemea mate yote, nitafua. Kikopo chako nitaosha pamoja na cha kaka yako. Nitachukizwa kila asubuhi na nitakuambia kila asubuhi kwamba unanichukiza, na wewe utanijibu.

Naogopa, wifi. Sijui kuogopa bila kutukana, unanijua.

Simu imelia. Réjean amekimbilia ndani na viatu vyake vya theluji, ameipokea yeye. Amesema, "Ndiyo, mimi ni kaka yake." Amejikalia chini, sakafuni, theluji inayeyuka chini yake, simu bado iko sikioni na mtu wa upande wa pili bado anaongea.

Sijamuuliza. Maadamu sijamuuliza, bado nakuandikia.

Wifi yako,
Ghislaine